Kumkumbuka Baba Aliyeuawa kwa Bomu: Anza na Maisha Yake

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Baba yake aliuawa katika mlipuko wa Nairobi, Ijumaa ya Agosti 7, 1998, yeye akiwa na miaka mitatu. Sasa ni mama, na kifungua mimba wake amemuuliza babu alikuwa mtu wa namna gani. Alipofungua kinywa kujibu, kilichotoka ni bomu. "Siku ile naijua dakika kwa dakika," anaandika. "Lakini sijui hata kama baba alikuwa akitia sukari kwenye chai."

Dada, huna hatia yoyote katika hilo. Mtoto wa miaka mitatu hubaki na kumbukumbu chache mno, mara nyingi hata moja hana. Ndivyo ubongo wa mtoto ulivyo, mapenzi hayahusiki. Siku yenyewe, kwa upande wake, ilihifadhiwa na watu wengi. Inajulikana kwamba muda mfupi baada ya saa nne unusu asubuhi lori la vilipuzi lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Inajulikana kwamba jumba la Ufundi liliporomoka, kwamba watu 213 walikufa Nairobi na wengine 11 Dar es Salaam, ambako ubalozi mwingine ulilipuliwa karibu wakati uleule. Magazeti yaliandika, mahakama ya New York ilisikiliza mashahidi mwaka 2001, na majina yakawekwa ukutani. Ila hakuna mwandishi wala hakimu aliyepewa kazi ya kuhifadhi Alhamisi ya Agosti 6, baba aliporudi nyumbani, akavua viatu na kuuliza kama watoto wamekula. Kazi hiyo ni ya familia. Nataka kuieleza kwa kirefu kwa sababu wengi huianza vibaya na kuiachia njiani.

Ninayoyasema yanawafaa pia waliopoteza mzazi katika mashambulio mengine ya Nairobi, Westgate mwaka 2013 au DusitD2 mwaka 2019, na nitagusa suala la simu, ambalo kwa msiba wowote wa miaka hii halisubiri.

Watu kwanza, vitu baadaye

Karatasi hungoja, watu hawangoji. Andika majina ya wote waliomjua baba kabla ya shambulio, kisha uwapange kwa umri na afya, usiwapange kwa ukaribu wa undugu. Nyanya wa miaka 88 anamtangulia mama yako, hata kama mama ndiye ajuaye mengi zaidi. Mwenzake wa kazini aliyeanza kusahausahau anamtangulia baba mdogo aliye mzima wa afya. Familia nyingi humaliza nguvu kwa ndugu watatu wanaoishi karibu, na wanapokwenda kumtafuta rafiki wa baba wanaonyeshwa kaburi.

Usiishie kwa ndugu, basi. Ndugu humjua mtu wa nyumbani na wa kwenye harusi. Wenzake wa kazi walishinda naye kutwa, siku tano au sita kwa wiki. Ugumu ni kuwapata baada ya miaka zaidi ya 25, na njia inayosahauliwa sana ni chama cha akiba na mikopo. Kama baba alikuwa mwanachama wa SACCO na aliwahi kukopa, fomu ya mkopo ina majina ya wadhamini. Mdhamini ni mtu aliyekubali akiba yake ishikwe baba akishindwa kulipa. Huyo hakuwa wa kusalimiana naye kwenye ngazi tu, alimwamini. Fomu hiyohiyo huwa na nafasi ya kueleza sababu ya mkopo. Mstari mmoja ulioandikwa "karo, kidato cha kwanza" na kutiwa sahihi yake unaonyesha alivyojitoa kwa wanawe kuliko sifa zote zilizosomwa siku ya mazishi. Nenda na nakala ya cheti cha kifo, kitambulisho chako na uthibitisho kwamba wewe ni mwanawe, uombe nakala ya faili. Ukiambiwa faili zilichomwa au zilitupwa, uliza jina la karani wa miaka ile aliyestaafu. Makarani hukumbuka.

Taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo itakuonyesha waajiri wake na miezi aliyochangiwa. Baba wengi waliwahi kufanya kazi mahali pawili patatu ambapo watoto hawakuwahi kupasikia. Kama alikuwa mwalimu, anza na TSC, tume inayoajiri walimu, na shule alizofundisha.

Halafu tafuta ripoti za shule za ndugu zako wakubwa. Chini kabisa pana nafasi ya sahihi ya mzazi, na nyingine zina nafasi ya maoni. Hapo kuna mwandiko wake, tarehe, na mara nyingine sentensi nzima aliyomwandikia mwalimu wa darasa. Katika sanduku zima la karatasi za marehemu, ripoti hizi ndizo huwa na sauti ya baba iliyo karibu zaidi na mtoto, na ndizo watu hutupa mapema, wakihama nyumba.

Kurekodi

Usirekodi mwezi wa Agosti. Agosti kila mtu amekwisha kusikia redio, ameona picha za vifusi, na pengine amehojiwa na mwandishi wa habari. Atakupa simulizi ileile aliyoizoea, yenye maneno yaleyale na vituo vilevile, na humo baba huonekana kwa dakika mbili za mwisho za uhai wake. Nenda Februari. Nenda siku isiyo na jambo.

Simu ya kawaida inatosha. Weka programu ya kurekodi kwenye WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa, kHz 48 na biti 24, mkondo mmoja; saa nzima itachukua takriban megabaiti 520, kwa hiyo hakikisha una nafasi ya gigabaiti 2 kabla ya kuondoka nyumbani. Zima mtandao wa simu kwa kuiweka katika hali ya ndege, la sivyo simu ikiingia programu nyingi hukata kurekodi bila kukuambia. Iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka kinywani mwa msimulizi, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ikilazwa kwenye meza tupu itanasa kila kikombe kinachowekwa. Zima feni, televisheni na redio. Jokofu pia lina mvumo utakaouchukia baadaye, ukiweza mhamie chumba kingine. Rekodi sekunde 30, zisikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Maneno ya kwanza yawe yako: jina la msimulizi, alivyohusiana na baba, mahali na tarehe. Faili isiyo na maneno hayo huwa kitendawili wewe usipokuwepo.

Dakika 60 hadi 90 zinatosha kwa mzee. Mhoji mmoja mmoja, kwa sababu wakiwa wengi mwenye sauti kubwa hushinda na wengine humwitikia. Ila wafanyakazi wenzake wawili ni vizuri kuwakalisha pamoja: mmoja akisahau jina la msimamizi, mwenzake analo, na ubishi wao mdogo huleta mambo ambayo hakuna swali lingeyaleta.

Kuhusu maswali, "alikuwa mtu wa namna gani?" halizai kitu. Utajibiwa kuwa alikuwa mtu mzuri, mpole, mcha Mungu. Uliza mambo ya kuonekana na kusikika. Asubuhi nani aliamka kwanza, na yeye alianza na nini? Alipanda gari gani kwenda kazini, au alitembea? Mshahara ukitoka, kitu cha kwanza kununuliwa kilikuwa nini? Watoto walipokosea aliwaita kwa jina gani? Nani alikuwa akimdai, na yeye alimdai nani? Alikuwa akicheka kwa sauti? Akiugua alikuwa mgonjwa wa kulalamika au wa kunyamaza? Ukishauliza, nyamaza. Mzee akinyamaza hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kuongeza neno. Mara nyingi kilicho bora hutoka kwenye saba au nane.

Mbinu moja ninaithamini kuliko zote. Mpe msimulizi karatasi na kalamu, umwombe achore ramani ya nyumba mliyokuwa mkiishi: mlango, kitanda cha wazazi, jiko, mahali pa redio. Mchoro ukiwa mbaya haidhuru. Mkono ukifika sebuleni, mdomo husema wenyewe, "Hapa ndipo alipokuwa akikaa kusikiliza taarifa, na hapa ndipo ulipokuwa ukimlalia." Anayesema hakumbuki kitu hukumbuka kiti. Fanya vivyo hivyo kwa ofisi yake au karakana yake, na kwa njia aliyopita kwenda kwenye basi. Hifadhi mchoro pamoja na rekodi.

Siku ya shambulio nayo itazungumzwa, huwezi kuikwepa, na msimulizi mwingine hatatulia mpaka aitoe. Pahali pake ni katikati ya mazungumzo. Anza na ujana wake au kazi yake, ufike kwenye siku ile, kisha uache dakika 20 kamili za mwisho kwa jambo la uhai: harusi, shamba, mpira, utundu wake wa shuleni. Usimwache mzee kwenye kifusi wala mochari, uzime simu na kuaga. Atabaki nayo peke yake usiku mzima. Akianza kutetemeka, kupumua kwa shida au kukutazama kama hakuoni, simamisha kurekodi, mpe maji, mwulize anachokiona chumbani sasa hivi, na siku hiyo usirudi kwenye swali. Mpigie kesho yake.

Na simulizi zikigongana? Mmoja anasema baba alikuwa aende kazini mchana, mwingine anasema alitoka alfajiri. Andika zote mbili na jina la aliyesema. Usiamue kwa kuangalia ipi inasikitisha zaidi. Kifo cha ghafla huzaa masimulizi ya dalili, kwamba alirudi mara mbili kuaga, kwamba aliota. Yahifadhi kwa heshima kama maneno ya aliyeyasema, usiyageuze kuwa ushahidi.

Picha, kaseti na nguo

Anza na picha za rangi. Rangi za picha za miaka ya 1970 hadi 1990 hufifia zenyewe, hata gizani. Za nyeusi na nyeupe huwa na uvumilivu mkubwa zaidi. Skani kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi) picha za ukubwa wa kawaida, na dpi 1200 zile ndogo za pasipoti, ambazo kwa baba wengi ndizo pekee zenye uso mzima. Picha ya milimita 35 kwa 45 ikiskaniwa hivyo itakupa zaidi ya pikseli 2,000 kwa urefu, inatosha kuichapa ukubwa wa daftari. Hifadhi faili kuu kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, na nakala za JPEG ziwe za kutuma. Faili kuu usiisafishe wala kuiongezea rangi. Urembo ufanyie nakala.

Albamu za gundi zenye karatasi ya plastiki zimeua picha nyingi. Usivute picha. Pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake taratibu, kama msumeno, ukianzia kona. Ikikataa, iache hapo hapo na uipige picha ukurasa mzima. Nyuma ya picha za zamani andika kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya na kuacha mistari usoni. Picha za rangi nyingi zina mgongo wa plastiki usioshika penseli, kwa hizo andika kwenye bahasha kabla ya kuitia picha ndani. Taja waliomo kutoka kushoto kwenda kulia, mahali na mwaka, na kama mwaka ni wa kukisia, useme hivyo.

Kwa waliofiwa miaka ya 1990, sauti ya baba ikipatikana itakuwa kwenye kaseti, pengine ya harusi au ya salamu alizomrekodia ndugu wa mbali. Usiitie kwenye redio ya zamani kwa pupa. Kwanza vunja vile vijino viwili vya plastiki kwenye ukingo wa juu, ili mtu asibonyeze kitufe cha kurekodi juu yake. Tazama ndani: ukiona ukungu mweupe usiicheze, mpelekee mtaalamu. Angalia kile kisponji kidogo cha katikati kama bado kimeshika. Kikiwa kimebanduka sauti itakuwa hafifu, na kinaweza kuhamishwa kutoka kaseti nyingine isiyo na thamani. Safisha kichwa cha kusomea cha redio utakayotumia na kijiti chake cha kuvutia kanda kwa pamba yenye spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi, usubiri ikauke. Izungushe kaseti mbele hadi mwisho na kurudi mara moja ili kanda ijilegeze, ndipo ucheze, waya ukitoka kwenye tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta. Weka kiwango ili sauti ya juu kabisa isipite desibeli 6 chini ya kikomo. Rekodi upande mzima bila kukata. Kikohozi cha baba kati ya nyimbo mbili kina thamani kuliko nyimbo zenyewe.

Kwa misiba ya karibuni, simu ndiyo sanduku. Namba isiyotumika kwa muda, kampuni ya simu huirudisha sokoni na kumpa mtu mwingine, na akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 hufutwa. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote lingine, weka laini hiyo ikiwa hai, na kila mwanafamilia aliyewasiliana naye atoe mazungumzo yake pamoja na sauti na picha, ayatume kwenye barua pepe au kompyuta. Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili nayo inaweza kufutwa na picha zote zilizomo. Mambo haya hufanyika kimya, wakati familia bado inashughulikia mazishi.

Nguo zina uamuzi mgumu. Kama unachotafuta ni harufu yake, funga shati kwenye mfuko usiopitisha hewa na ulifungue kwa nadra, ukijua kwamba harufu itakwisha hata hivyo. Kama unachotaka ni nguo idumu, fanya kinyume: ioshwe au ipigwe hewa, ikauke kabisa, ifungwe kwa kitambaa cheupe cha pamba na kulazwa bila mikunjo mikali. Plastiki hufungia unyevu na ukungu hufuata. Nguo alizorudishiwa mama kutoka mochari ni jambo jingine kabisa. Hakuna lazima ya kuziweka wala ya kuziteketeza, na asilazimishwe kuamua mwaka ule. Ziwe kwenye kifurushi chake, kimeandikwa kilichomo kwa maneno ya wazi, mbali na sanduku la picha, ili mtoto anayetafuta sura ya babu asikutane na damu.

Pia tenga faili za fidia na za kesi na sanduku la kumbukumbu. Familia nyingi za Kenya bado zinadai fidia ya 1998, na kudai huko ni haki yao. Lakini karatasi hizo hurudisha hasira kila zinapofunguliwa, na hakuna mtoto atakayemjua babu kupitia karatasi hizo.

Kuandika

Anza na ukurasa mmoja, maneno 300. Kitabu kitafuata kama kina sababu ya kufuata. Ukishaandika, pitia kila sentensi na ujiulize kama ingeweza kusemwa juu ya baba mwingine yeyote. "Alikuwa mchapakazi, mpenda familia na mcha Mungu" inafaa kila tanzia iliyowahi kuchapishwa. Ifute na uweke ushahidi. Kama alikuwa mchapakazi, saa ngapi alitoka nyumbani? Kama alipenda familia, alikosa nini yeye ili ninyi mpate? Koti moja kwa miaka sita, hiyo ni sentensi. Kushuka kwenye matatu vituo viwili kabla ili nauli iliyobaki inunue mkate, hiyo pia.

Sema na kasoro zake. Najua wapo watakaopinga, na kwa aliyeuawa kikatili ni rahisi kumfanya malaika. Lakini mtoto wa miaka 13 hawezi kuzungumza na malaika. Hujilinganisha naye, akashindwa, na akaacha kuuliza. Baba aliyekuwa mkali wa hesabu, aliyechelewa kanisani kila Jumapili, aliyeshindwa kuomba msamaha kwa mdomo akaleta machungwa, huyo mjukuu atamshika. Mpaka wangu ni huu: jambo litakalomfedhehesha mama yako akiwa hai haliandikwi mpaka mama mwenyewe akubali.

Shambulio lipewe aya moja. Tarehe, mahali, alikuwa pale kwa sababu gani, nani alimtambua, alizikwa wapi na lini. Waliolipua wasitajwe majina kwenye ukurasa wa baba yako. Wana kurasa zao mahakamani. Kabla ya kusoma nakala za ushahidi au ripoti ya daktari, mwombe mtu asiye mwanawe azisome kwanza na akuambie kilichomo kwa jumla. Baadhi ya sentensi ukishazisoma hutaweza kuzitoa kichwani.

Watoto na siku za mwaka

Mtoto aambiwe neno lenyewe: babu alikufa, aliuawa na watu waliolipua bomu kwa makusudi, na watu wengi walikimbia kusaidia. Usiseme alilala, kwa sababu mtoto wa miaka minne ataogopa kitanda. Usiseme alisafiri, kwa sababu atamngoja. Chini ya miaka mitano ataelewa nusu na kuuliza tena wiki ijayo kama hajawahi kuambiwa; jibu vilevile, kwa maneno yaleyale. Wa miaka minane atataka kujua kama itatokea tena, na kama wewe mama utarudi jioni. Kijana wa miaka 13 atatafuta mtandaoni, uwe na hakika, basi kaa naye atafute ukiwepo, na uchague pamoja naye mahali pa kuishia.

Kwa waliokuwa wakubwa mwaka ule kuna dhiki ambayo watu huiona aibu kuisema: ukijaribu kumkumbuka baba akicheka, sekunde chache baadaye unamwona mochari. Kumbukumbu nzuri inakuwa mlango wa ile mbaya, na mtu huacha kukumbuka kabisa ili apumzike. Hilo linajulikana vizuri kwa wanaohudumia waliofiwa kwa ukatili, na lina tiba. Chukua kitu kimoja kidogo, mfano kalamu yake, ukae nacho dakika mbili tatu, uondoke kabla picha mbaya haijaja, urudi kesho. Huzuni ikizidi miezi sita ikiwa bado inakuzuia kula, kulala, kufanya kazi au kukaa na watu, tafuta mshauri nasaha aliyefunzwa kuhusu kiwewe. Miezi sita ndicho kipimo cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hutumia. Maombi yaendelee, na mshauri aonwe.

Kuhusu siku ya kumkumbuka, msimamo wangu ni kwamba Agosti 7 ni siku ya taifa na ya wote 213. Siku ya baba iwe nyingine. Kwenye ukumbusho wa Septemba 11 kule New York, waridi jeupe huwekwa penye jina la mtu siku yake ya kuzaliwa, na naona walichagua vema. Kama kitambulisho chake kina mwaka tu, kama cha wazee wengi, chukua siku ya harusi yake au mwezi alioanza kazi. Siku hiyo pika alichopenda, soma ule ukurasa mmoja kwa sauti, na mtu mmoja alete jambo jipya aliloligundua mwaka huo kuhusu baba, hata liwe dogo. Hapo ndipo sukari ya chai inapoingia.

Dada, uliuliza pia kama uwapeleke watoto kwenye Bustani ya Kumbukumbu, pale ubalozi ulipokuwa, penye ukuta wa majina. Wapeleke, ila mara ya kwanza isiwe Agosti 7, kuna kamera, hotuba na watu wazima wanaolia wasiowajua. Chagua asubuhi ya kawaida. Waonyeshe picha yake mkiwa nyumbani, waambie kwamba mtatafuta jina lake, na uwaache walitafute wenyewe ukutani. Piga picha ya jina jua likiwa chini, asubuhi au alasiri, ili mwanga wa pembeni uonyeshe herufi. Mkikuta limekosewa, andikieni wasimamizi na kuambatisha nakala ya kitambulisho chake. Nusu saa inatosha. Mkitoka, wapeleke mahali alipofanya kazi, au kwenye kituo alichoshukia, au ulipo mtaa wenu wa zamani, ili siku hiyo wamwone mahali pawili.

Pa kuweka vyote

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Mfano kompyuta yako, diski ya nje kwa kaka yako, na hifadhi ya mtandaoni ambayo watu wawili wana nywila yake. Flashi isiyochomekwa kwa miaka inaweza kupoteza data, na simu si hifadhi. Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi, kisha kilichomo, kama 1994-12_baba_harusi-ya-shangazi, yatajipanga yenyewe. Mara moja kwa mwaka, siku ileile ya baba, fungua faili tano bila kuchagua, uone kama zinasoma. Chapa kwenye karatasi ule ukurasa, majina ya waliosimulia na picha kumi bora, kwa sababu karatasi haihitaji nywila.

Na kila aliyesimulia apelekewe nakala yake, sauti na maandishi, ndani ya mwezi mmoja. Mwombe asikilize na arekebishe. Wengi watakupigia simu wiki ile ile kusema wamekumbuka jingine, na wengi wataliambatanisha na jina la mtu ambaye hukuwa naye kwenye orodha. Andika jina hilo, uulize namba yake, na upange siku.